Maswali ya Wasomaji: Kahawa ya "Moja kwa Moja", Mkulima Kapata Ngapi na Lini?

Safari hii tumejibu barua nane kuhusu ununuzi wa kahawa kutoka kwa wakulima wadogo. Bei zilizomo kwenye mahesabu ni za mfano, isipokuwa pale tulipotaja mwaka.

SWALI: Nina mgahawa mdogo. Mkaangaji anayeniuzia kahawa ameandika kwenye mifuko yake "imenunuliwa moja kwa moja kwa mkulima". Wateja wangu wanayapenda maneno hayo, ila mimi nina wasiwasi. Nimuulize nini bila kumvunjia heshima?

Maneno hayo hayana mwenyewe. Yeyote mwenye mashine ya kuchapa lebo anaweza kuyaweka. Kwa hiyo usimuulize kama ni kweli, muulize namba. Maswali manne yanatosha: loti hii, yaani fungu hili la kahawa, imetoka kwa kikundi gani au kituo gani cha kumenyea, mkulima alilipwa kiasi gani, na kwa kipimo kipi, alilipwa lini, na huu ni msimu wa ngapi kununua hapo. Anayenunua kweli hufurahi kuulizwa. Akibabaika na kuanza kukuonyesha picha ya mzee aliyebeba kikapu, jibu umeshalipata.

Swali la kipimo ndilo lenye mitego. Kati ya mti na kikombe kahawa hubadilika uzito mara kadhaa, na kila hatua ina bei yake. Kilo 6 hivi za cheri, yaani matunda mabivu yaliyochumwa leo, hutoa kilo 1 ya kahawa safi, ile iliyokobolewa lakini haijakaangwa. Kilo 1.25 za pachimenti, yaani kahawa iliyomenywa na kukaushwa ikiwa bado na ganda lake la ndani, nazo hutoa kilo 1 ya kahawa safi. Kilo hiyo ikipita kikaangoni hubaki gramu 850 hivi, na hupungua zaidi ikikaangwa hadi kuwa nyeusi.

Sasa chukua mfano. Mkaangaji anasema alinunua kwa dola 3 kwa ratili, bei ya FOB, maana yake kahawa ikiwa imeshapakiwa melini. Ratili ni gramu 454, kwa hiyo hiyo ni dola 6.61 kwa kilo. Mkulima naye aliuza cheri kwa senti 70 kwa kilo. Mwenye haraka atazipanga hizo namba mbili sambamba na kupiga kelele kwamba mkulima kaibiwa mchana kweupe. Zidisha kwanza: senti 70 mara kilo 6 ni dola 4.20 kwa kila kilo ya kahawa safi, karibu asilimia 64 ya bei ya melini. Dola 2.41 zilizobaki zimelipia kumenya, kukausha, kukoboa, magunia, lori hadi bandarini, ushuru na riba ya mkopo wa msimu. Mgawanyo huo si mbaya hata kidogo.

Mtego wa pili uko upande wa wenye kujisifu. Mtu akisema "nimemlipa mkulima dola 3.36 kwa kilo", muulize ni kilo ya nini. Ikiwa ni pachimenti, ni sawasawa na ile dola 4.20 ya kahawa safi. Ikiwa ni kahawa safi, mkulima huyo amepata pungufu kwa moja ya tano, ingawa namba iliyotamkwa ni ile ile.

Kumbuka pia kwamba vyama vingi hulipa kwa awamu: malipo ya awali cheri zinapopokelewa, kisha malipo ya pili kahawa ikishauzwa. Ukiona bei ndogo, uliza kwanza kama malipo ya pili yameshatoka. Na kama mkaangaji wako huenda mashambani, mwambie achague mwenyewe majina mawili au matatu kwenye daftari la mapokezi, badala ya kuchaguliwa, kisha aombe kuona stakabadhi zao. Nusu saa ya kazi hiyo ina thamani kuliko picha mia.

SWALI: Kwa nini nisimpigie simu mkulima mwenyewe, nikamwondoa dalali katikati, na pesa yote ikaenda kwake?

Kwa sababu kati ya mkulima na kikaango chako kuna kazi, na kazi hiyo lazima mtu aifanye. Tuseme shamba ni nusu hekta, lina miti 800, na kila mti unatoa kilo 2 za cheri. Jumla ni kilo 1,600 za cheri, yaani kilo 267 za kahawa safi: magunia manne na nusu ya kilo 60. Kontena la futi 20 huchukua magunia 320 hivi. Kulijaza kunahitaji wakulima wasiopungua 70 wa namna hiyo, na kila siku ya msimu cheri zao zimenywe siku ile ile zilizochumwa, maana zikilala kwenye gunia huanza kuchacha zenyewe na ladha ya uchachu mbaya haiondoki tena. Hapo hujataja mashine ya kukoboa, kibali cha kuuza nje wala makaratasi ya bandarini.

Kwa hiyo usihesabu ni watu wangapi wako katikati, angalia kila mmoja anafanya nini. Anayekusanya, anayekausha na anayekoboa wanastahili malipo, na malipo hayo yanaweza kuandikwa wazi. Wa kumkwepa ni yule anayenunua kabla ya mavuno kwa bei ya kutupa kwa sababu mkulima anahitaji ada ya shule leo. Huyo haondoki kwa kupigiwa mkulima simu. Ataondoka pale mkulima atakapopata mahali pengine pa kukopa kabla ya mavuno, na hapo ndipo mnunuzi mwenye nia njema anapoweza kusaidia: atoe sehemu ya malipo mapema.

Kwa mnunuzi mdogo wa magunia kumi, njia inayofaa ni kuchangia kontena. Wakaangaji watatu au wanne wananunua kwa kikundi kimoja, kila mmoja na loti yake, na mwagizaji mmoja anashughulikia usafirishaji kwa ada inayojulikana.

SWALI: Mikataba yetu huandikwa "bei ya C kuongeza senti 30". Mshirika wangu anasema utaratibu huo haumtendei haki mkulima. Kosa liko wapi?

Bei ya C ni bei ya arabika kwenye soko la New York, inayotajwa kwa senti za dola kwa ratili. Robusta, aina nyingine ya kahawa, ina soko lake London, kwa dola kwa tani. Soko hilo hutikisika kwa ukame au jalidi ya Brazil, kwa thamani ya sarafu, na kwa watu wanaocheza na mikataba bila kuwahi kugusa gunia. Gharama ya mbolea ya mkulima wako haimo. Mwaka 2001 bei hiyo ilianguka chini ya senti 50 kwa ratili. Februari 2025 ikapita dola 4. Senti zako 30 juu ya senti 50 ni umaskini wenye nyongeza.

Anzeni na gharama. Kaeni na viongozi wa kikundi mchukue mashamba matano ya ukubwa tofauti. Andikeni siku za kazi za palizi, kupogoa, kuweka mbolea na kuchuma, na siku za familia zihesabiwe kwa ujira ule ule wa kibarua. Watu wengi huziacha, kisha hushangaa hesabu inapoonyesha faida ambayo haionekani nyumbani. Uchumaji ndio mzigo mkubwa. Mtu akichuma kilo 48 za matunda mabivu tupu kwa siku, amechuma kilo 8 za kahawa safi, basi gawanya ujira wa siku kwa 8 upate gharama ya kuchuma kilo moja. Ukidai mabivu tupu, mchumaji atarudi kwenye mti ule ule mara tatu hadi tano kwa msimu, na kilo zake za siku zitashuka. Mnunuzi anayetaka mabivu tupu kwa bei ya mchanganyiko anaomba zawadi.

Mkishapata gharama, ongezeni faida mnayokubaliana. Hiyo iwe sakafu. Kisha mkataba useme: bei ni sakafu, au bei ya C ya siku fulani kuongeza kiasi fulani, ipi iliyo juu zaidi. Ile nusu ya pili msiidharau. Bila hiyo, soko likipanda ghafla msimu ukiwa katikati, mnunuzi wa pembeni atafika na fedha taslimu na pachimenti zenu zitaishia kwake. Mkulima atakayekwenda huko si msaliti. Amesoma bei vizuri kuliko mkataba wenu.

Fairtrade, cheti cha biashara ya haki, hutumia muundo huo huo. Agosti 2023 sakafu yake kwa arabika iliyooshwa, yaani iliyomenywa tunda kabla ya kukaushwa, iliwekwa kuwa dola 1.80 kwa ratili. Soko likiwa juu, bei ya soko ndiyo hulipwa. Juu yake kuna senti 20 za kikundi, na senti 40 nyingine kama kahawa ni ya kilimo hai.

SWALI: Basi cheti ni bora kuliko kununua moja kwa moja?

Inategemea cheti kinadai nini. Fairtrade ina sakafu ya bei. Rainforest Alliance, iliyoungana na UTZ, cheti kingine, mwaka 2018, hutazama zaidi mazingira na hali za wafanyakazi, na haina bei ya chini iliyopangwa. Kilimo hai kwa kawaida hudai miaka mitatu ya mpito, ambayo mkulima hulima bila dawa na mbolea za viwandani huku bado akiuza kwa bei ya kawaida. Mnunuzi anayewataka waingie huko aseme nani atalipia miaka hiyo. Ukinunua robo ya mazao yao na cheti kikawasaidia kuuza robo tatu zilizobaki, usiwaambie wakiache.

SWALI: Sampuli ilikuwa tamu mno, alama 86 kati ya 100 za uonjaji. Mzigo ulipofika baada ya miezi minne ulikuwa na ladha ya gunia na karatasi. Tumetapeliwa?

Huenda, lakini sababu za kawaida zaidi ni tatu, na zote hazihitaji mwizi.

Ya kwanza ni sampuli yenyewe. Mara nyingi hutoka kwenye loti ndogo iliyochambuliwa kwa mkono punje kwa punje, ikakobolewa juzi. Mzigo ukapita mashine kubwa. Dawa yake ni kudai sampuli tatu: ya kuonyesha bidhaa, ya kabla ya kupakia, na ile utakayotoa mwenyewe mzigo ukifika. Ya kabla ya kupakia ichotwe kwa bambo kwenye magunia yaliyokwisha kushonwa, angalau gunia moja katika kila kumi, juu, katikati na chini, kisha ichanganywe. Igawanywe mara mbili: nusu ije kwako, nusu ifungwe, iwekwe alama na ibaki kwa muuzaji. Mkigombana baadaye, ile iliyobaki ndiyo shahidi.

Ya pili ni unyevu. Kahawa safi ipakiwe ikiwa na unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Ikizidi 12 itaota ukungu au kupauka. Ikikauka sana punje huvunjika kwenye kukoboa na ladha hufa mapema. Namba pekee haitoshi, kwa sababu kahawa iliyoharakishwa kukauka inaweza kusoma 11 nje ilhali katikati ya punje bado ina maji. Maji hayo hutoka taratibu ndani ya kontena, na hapo ndipo ladha ya karatasi huanzia. Uliza walivyokausha. Iliyooshwa hutandazwa kwenye meza za wavu, unene wa sentimita 3 au 4, hugeuzwa mara nyingi kwa siku, hufunikwa jua la saa sita na usiku, na huchukua siku 10 hadi 15 hali ya hewa ikiwa nzuri. Inayokaushwa na tunda lake huchukua wiki tatu hadi nne. Ukiambiwa siku tano, jua kuna kitu kimerukwa. Dalili nyingine unaiona kwa macho: pachimenti iliyopasukapasuka kama udongo wa kiangazi ilikaushwa kwa pupa.

Ya tatu ni gunia na safari. Gunia la nyuzi tupu halizuii unyevu wala harufu. Dai mfuko wa ndani wa plastiki maalumu wa nafaka usiopitisha hewa, ufungwe vizuri kabla ya gunia kushonwa. Gharama yake ni ndogo mbele ya mzigo ulioharibika. Na usiruhusu kukoboa mapema: kahawa ikae katika ganda lake hadi meli ikaribie, kwa sababu ganda hilo ndilo ghala bora iliyo nalo.

Mzigo ukifika, pima mwenyewe. Chukua gramu 350 za kahawa safi, utandaze kwenye karatasi nyeusi penye mwanga, uhesabu kasoro. Kwa kipimo kinachotumiwa na wengi, kahawa ya daraja maalumu haikubali hata punje moja nyeusi kabisa au iliyochacha kabisa. Kisha onja: gramu 8.25 za unga kwa mililita 150 za maji ya nyuzi 93, povu livunjwe dakika ya 4, uanze kuonja dakika ya 8 hadi 10 na urudie inapopoa. Andaa vikombe vitano vya loti moja, na kila kikombe kisagiwe punje zake peke yake. Hili si kwa ajili ya wingi. Punje moja mbovu huharibu kikombe kimoja tu, na ukisaga zote pamoja utaipoteza humo.

SWALI: Sisi ni kikundi cha wakulima 140. Mnunuzi kutoka nje ametutembelea, amesifu kahawa yetu, na anataka tumtumie magunia 100 atulipe akishauza. Bei yake ni kubwa kuliko tuliyowahi kuona. Tukubali?

Kwa masharti hayo, hapana. Bei kubwa isiyo na tarehe ni ahadi. Mkituma mzigo ulipwe baada ya kuuzwa, ninyi ndio mnamkopesha, tena bila riba, na asipouza mtaambiwa kahawa ilikuwa mbovu.

Mwambieni mambo haya kwa heshima, kwa maandishi. Atoe malipo ya awali ili mweze kuwalipa wanachama wakati wa kupokea cheri. Chini ya Fairtrade kikundi kinaweza kuomba hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba, na hicho ni kipimo kizuri hata kwa asiye na cheti. Kilichobaki kilipwe dhidi ya hati: hati halisi ya shehena ikae benki na itoke fedha zikishaingia. Mwenye hati halisi ndiye mwenye mzigo, kwa hiyo msiitume kwa barua ya kawaida kwa sababu tu amesema ana haraka.

Kifungu cha sampuli ndicho kinachoumiza vikundi vipya. Ikiandikwa tu "kwa sharti la kukubali sampuli", mnunuzi anaweza kukaa kimya wiki sita, akaangalia soko limekwenda wapi, kisha akakataa. Ongezeni: jibu litolewe ndani ya siku 10 tangu sampuli ifike, na kimya kihesabiwe kuwa ni kukubali. Andikeni pia mzani upi ndio wa mwisho, wa kupakia au wa kushusha. Gunia la kilo 60 lenye unyevu wa asilimia 12 likishuka hadi 11 njiani hupoteza gramu 670 hivi. Kwa magunia 100 ni kilo 67, zaidi ya gunia zima, na hakuna aliyeiba.

Na mara ya kwanza msimpe magunia 100. Mpeni 20.

SWALI: Mnunuzi wa Ulaya anataka alama za ramani za kila shamba. Wakulima wanaogopa kwamba ardhi inapimwa ili ichukuliwe.

Hofu hiyo inaeleweka, na ijibiwe kabla mtu hajatoa simu mfukoni. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115 inadai kahawa isitoke kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na mwagizaji lazima aonyeshe shamba liko wapi. Shamba lisilozidi hekta 4 linatosha kwa nukta moja. Kubwa zaidi linahitaji mpaka wake wote. Latitudo na longitudo za nukta ziwe na tarakimu sita baada ya pointi. Nukta yenyewe haihusu hatimiliki.

Makosa yanayokwamisha mizigo ni ya kawaida sana. Mpimaji anachukua nukta akiwa kivulini kwenye kituo cha kupokelea, wakulima wote 80 wanaonekana wanalima mahali pamoja. Au latitudo na longitudo zinabadilishana nafasi kwenye jedwali na mashamba yanatokea baharini. Simameni katikati ya mibuni, mbali na bati, subirini simu itulie, na mwisho wa siku fungueni nukta zote kwenye ramani mzitazame kwa macho. Kikundi kibaki na nakala yake. Mnunuzi akilipia upimaji kisha akaondoka na takwimu, msimu ujao mtalazimika kumuuzia yeye au kupima upya.

SWALI: Mimi ni mnywaji tu, nanunua mfuko wa gramu 250. Nina la kufanya?

Geuza mfuko. Tafuta jina la kikundi au kituo, mwaka wa mavuno na tarehe ya kukaangwa. Jina la nchi peke yake halitoshi. Kama mkaangaji huchapisha bei alizolipa, angalia kama ametaja ni bei ya melini au ya shambani, na kwa kilo ya nini. Kama hachapishi, mwandikie umuulize. Barua tatu za wanywaji humsumbua kuliko moja ya mwanaharakati, kwa sababu ninyi ndio mnaomlipa.

Na usinunue ile loti ya pekee ya alama 90 tu. Mti ule ule una mavuno ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho, na mkulima hawezi kulipia mbolea kwa magunia mawili ya fahari. Ukiona mfuko wa mchanganyiko wa bei nafuu kutoka kikundi kile kile, chukua huo wa kila siku.